Siku Tulipong'oana Pampu

Wengine wakifanikiwa husema ni bahati, au kuna shangazi aliyewashika mkono. Mimi sikushikwa mkono na mtu. Niliacha shule darasa la tano, nikaja Nairobi, nikasukuma mkokoteni wa maji Kaloleni, mitungi kumi na minane kwa safari moja, na hata leo nikivua shati utaona mabegani kazi ile ilikaa wapi. Kutoka kuuza maji nikajifunza bomba. Kutoka bomba nikajifunza pampu. Sasa nina duka langu karibu na soko la Jericho, na fundi yeyote wa upande huu akikwama na pampu ataambiwa, nenda kwa yule. Yule ni mimi.

Nyumba yangu ni nambari moja katika safu ya nyumba kumi na mbili, zile za zamani za mawe zenye ua mdogo mbele. Safu yetu iko kwenye mteremko. Bomba la maji linaingia juu, kwangu, linapita mbele ya kila geti na kuishia kule chini kwa nambari kumi na mbili. Mwaka wa pili baada ya kuhamia, wenye nyumba walinichagua mwenyekiti wa chama chao. Sikuomba kura. Nilitengeneza geti la kuingilia safu lililokuwa limelala miaka, nikazungumza mkutanoni kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, wakaona mtu ni huyu.

Katibu alikuwa mama wa nambari kumi na mbili. Sote tulimwita Karani, kwa sababu alikuwa karani wa ofisi za serikali maisha yake yote, akipiga chapa barua za wakubwa. Ni Mkamba, mjane, mrefu, miwani yake ameifunga kwa uzi wa kushonea. Mikutano yetu ilifanyika sebuleni kwake baada ya kanisa, na akisoma kumbukumbu za mkutano uliopita hakuna aliyethubutu kukohoa.

Hapa niseme jambo ambalo kwa miaka sikulisema. Nasoma, ndiyo. Nasoma majina ya vipuri, nasoma namba, nasoma mabango ya barabarani. Lakini barua za ofisi, zile zenye sentensi inayoanza juu na kuishia karibu na sahihi, zilinishinda. Kila Jumamosi kabla ya mkutano niliteremka na spana mkononi, nikisema naenda kumwangalilia Karani mfereji wake. Mfereji wenyewe ulikuwa mzima. Tuliketi jikoni, akanisomea ajenda mara mbili na barua zote zilizoletwa. Jumapili nilishika karatasi mbele ya watu na kutoa maneno yote kichwani, moja baada ya lingine. Kichwa changu hushika kuliko daftari. Yeye hakumwambia mtu, na mimi sikumwomba asiseme. Mkutanoni aliniita Mwenyekiti. Jikoni aliniita Fundi.

Sasa tuje kwenye maji. Zamani yalikuja kila siku na kupanda tangini yenyewe. Mtaa ukajaa, magorofa yakaota kila upande, maji yakawa ya Jumanne na Ijumaa, tena dhaifu. Mtu mwingine angelalamika. Mimi nilifunga pampu kwenye bomba langu, nikavuta, tangi likajaa kabla chai haijachemka. Wa nambari mbili akasikia mlio, akaja dukani. Nikamfungia yake. Wa nambari tatu akaona maji yake yamepungua, akaja. Nikamfungia kubwa kidogo, ili ayapate mbele ya wa pili. Wa pili akarudi kubadilisha.

Wa nambari tano ni dereva wa lori la mchanga, mtu wa magharibi, mnene, mcheshi kupita kiasi. Aliingia dukani akaegemea kaunta.

"Buda, nipe pampu ambayo nikiiwasha, wewe kule juu unasikia kiu."

"Hiyo haijatengenezwa," nikamwambia.

"Basi nipe inayoifuata."

Nikampa. Kwa mwaka mmoja niliuza pampu safu nzima. Nilijiona nimewaletea watu maendeleo, na sikatai, kazi yenyewe niliifanya safi, hakuna hata moja iliyovuja.

Ni Karani peke yake aliyekataa. Nilimpelekea moja mwenyewe, akaitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi wa wizi.

"Fundi, ile notisi ya kukataza watu kuvuta maji ya bomba kwa pampu niliipiga chapa kwa vidole hivi. Nikiivunja mimi, nani ataiheshimu?"

"Notisi ni ya zamani, mama."

"Na mimi pia."

Kwa hiyo maji yakawa hayamfikii. Jumanne na Ijumaa alifungua mfereji, ukapumua tu. Alianza kwenda na mtungi mmoja mmoja mpaka kwa muuza maji wa barabara kuu, yeye mwenye miaka zaidi ya sitini, akipita mbele ya mageti kumi na moja yenye matangi yaliyojaa. Tulimsalimia vizuri sana. Wengine walimsaidia kubeba siku mojamoja, mimi pia. Sukuma wiki yake uani ikakauka ikabaki vijiti.

Jumapili moja mkutano ulikuwa unakaribia kwisha. Karani akafungua daftari, akasoma kwa sauti ileile ya siku zote:

"Mengineyo. Ilielezwa kwamba nyumba nambari kumi na mbili itauzwa. Katibu ataacha kazi mwisho wa mwezi ujao na kurudi kwao Machakos. Hakukuwa na mengine, mkutano ukafungwa kwa maombi."

Dereva akainua kichwa. "Karani, mkutano haujafungwa."

"Umefungwa. Nimeshaandika."

Tukaomba. Unafanya nini na mtu ambaye amekwisha kuandika?

Huko nje watu wakaanza kusema juu ya mnunuzi, kwamba ni tajiri wa kujenga magorofa kama yale ya Kware, kwamba jua tutalisikia kwa redio. Yote kweli. Lakini mimi nilipanda mteremko nikiwaza jambo moja: akiondoka huyu, Jumamosi naenda kwa nani?

Kesho yake nilimpelekea pampu kubwa kuliko zote dukani, zawadi. Niliiweka barazani kwake kama bwana harusi aliyeleta ng'ombe.

"Hii ukiiwasha," nikamwambia, "utavuta mpaka samaki."

Karani hakuigusa. "Nikivuta mimi, atakosa nani?"

Nikainama kukaza nati ya pampu.

"Atakosa wa kumi na moja," akajibu mwenyewe. "Naye atakuja kwako umpe kubwa zaidi. Fundi, watu kumi na wawili wakila ugali sinia moja, ukimwongezea mmoja mkono, ugali unaongezeka?"

Nilirudi na pampu yangu kwenye toroli. Mtu wa darasa la tano nimeshindana na mafundi wenye vyeti nikawashinda, lakini mama yule alinifungia hesabu mlangoni pake.

Nikaitisha mkutano wa dharura, wanaume tu, tuelewane kiume. Nikasema: Jumanne hakuna kuwasha pampu. Maji yateremke yenyewe mpaka chini, Karani apate, ndipo sisi. Kila mtu akakubali. Tukashikana mikono. Dereva akasema yeye neno lake ni kama breki ya lori, likishika limeshika.

Jumanne asubuhi maji yakaja. Sasa nitasema ukweli, maana hadithi ya uongo haina faida. Nilifikiria: hawa wenzangu nawajua, watawasha. Na wakiwasha wao, mimi mwenyekiti nitakosa kwa nini? Nikaifunika pampu yangu blanketi mbili na godoro la mtoto, nikaiwasha, nikatega sikio. Haikusikika. Kwa usalama zaidi nikafungulia redio nyimbo za injili, kwa sauti kubwa. Kisha nikatoka nje kufanya doria, kuhakikisha watu wanatii.

Nambari mbili, redio ya injili, kwa sauti kubwa. Nambari tatu, hivyo hivyo. Nambari nne alikuwa na mahubiri. Kwa Dereva kwaya ilikuwa inatikisa vioo. Mpaka nambari kumi na moja, ambaye sijawahi kumsikia hata akipiga mluzi, alikuwa na mchungaji anayekemea mapepo. Safu nzima ilikuwa imeokoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Dereva alitoka getini akanikuta nimesimama.

"Bwana asifiwe, Mwenyekiti."

"Amina. Mbona redio juu hivyo?"

"Roho amenishukia. Na ile yako?"

"Ni mama watoto."

Tukatazamana. Chini ya kwaya yake nilisikia wazi ule mlio, mm, mm, kama nyuki ndani ya mto wa kulalia. Pampu ile niliiuza mimi. Ningeitambua hata ikiwa kaburini.

Wakati huo Karani akapita katikati yetu na mtungi wake mtupu, akielekea barabara kuu. Akasimama, akasikiliza juu na chini.

"Mmeamka vizuri leo," akasema. "Mungu amewakumbuka."

Akaenda. Dereva akaangalia viatu vyake. Mimi nikaingia ndani nikazima redio, nikatoa godoro, nikazima pampu. Mke wangu alikuwa mlangoni amekunja mikono. Yeye huuza vitambaa vya mitumba, na ndiye mkuu wa chama cha akina mama wa safu yetu, wale wa kuchangiana kwa zamu, ambao mzunguko wao haujawahi kukatika.

"Nyinyi mnashikana mikono," akaniambia. "Mnafikiri mkono ni kufuli."

"Nyinyi hamuaminiani?"

"Sisi? Hata kidogo. Yule wa nambari sita naweza kumwamini? Ndiyo maana tunakutana kwa yule ambaye zamu ni yake, tunaweka pesa mezani kila mtu akiona, tunakunywa chai yake, tunaondoka. Miaka tisa. Kuaminiana kulikuja nyuma, nyinyi mnakutaka mbele."

Nimeoa vizuri. Hilo nalo nilichagua mwenyewe.

Siku nzima nilikaa dukani nikachora kwa chaki sakafuni. Nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu mwanzo, mimi ninayeyajua maji kuliko mtu yeyote mtaani. Maji hupenda chini. Pampu zikiondoka zote, yatateremka yenyewe mpaka kwa Karani bila kusukumwa. Pale chini, katika ua wake, tungechimba tangi moja la zege. Maji yakishaingia humo ni yetu, hayako tena kwenye bomba, na notisi yake haivunjwi. Halafu pampu moja, moja tu, ingesukuma kutoka tangini kwa mpira mrefu hadi nyumba moja moja, kwa zamu ya kura, watu wote wakiwa wamekaa pale wakiangalia. Kama meza ya akina mama.

Mchoro ulikuwa mzuri. Tatizo, tangi lilikaa katikati ya ua wa mtu anayehama.

Jumapili tulijaa sebuleni kwa Karani, safari hii na akina mama, maana mke wangu aliwaleta wote. Nikaeleza. Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali, kisha macho yote yakamgeukia mwenye ua.

"Ni wazo zuri," Karani akasema, kalamu ikiandika. "Mtamweleza mnunuzi."

"Mnunuzi ataweka gorofa," Dereva akasema.

"Hilo si la katibu."

Nikaona linapotea. Nilikuwa nimeshika karatasi ya ajenda. Nikaiweka mezani.

"Nina neno," nikasema, "na haliko kwenye ajenda. Hata lingekuwako nisingelisoma. Barua mnazonisikia nikisoma hapa, sizisomi. Karani hunisomea jikoni kwake kila Jumamosi, nami nazikariri. Miaka sita. Mwenyekiti mliyemchagua ni nusu mimi na nusu yeye. Akienda, itabidi mchague mwingine."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa wacheke. Wa nambari kumi na moja, yule wa kimya, akasafisha koo.

"Hata mimi," akasema, "zile notisi za mlangoni humpelekea yeye."

"Na mimi," akasema mama wa nambari nane. "Zile fomu za shule."

Ikawa kama ushuhuda kanisani. Karani aliacha kuandika. Alivua miwani akaifuta kwa leso, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi sihami kwa sababu ya barua," akasema. "Nahama kwa sababu ya mtungi. Mgongo wangu haubebi tena. Mlikuwa mnapita na kunisalimia."

Neno hilo lilituingia kila mmoja mahali pake. Mke wangu ndiye aliyejibu.

"Ni kweli, mama. Tulikuona. Tupe Jumanne mbili. Zisipotosha, tutakupakia mizigo sisi wenyewe."

Karani akaweka kalamu chini. "Andikeni wenyewe," akasema hatimaye, akasukuma daftari katikati ya meza.

Aliyeandika ni mke wangu.

Jumamosi iliyofuata tukang'oa. Sheria aliiweka mke wangu: hakuna anayeng'oa pampu yake, kila mtu ang'oe ya jirani. Hiyo ndiyo akili ya chama cha akina mama. Mtu aking'oa yake atabakisha kitu, lakini ya jirani ataisaka hata chini ya kitanda. Yangu alipewa Dereva. Aliingia na spana akiimba. Baada ya dakika kumi alitoka na pampu, akaiweka barazani kwa Karani kwenye meza. Akarudi ndani kwangu. Nikamfuata.

"Umemaliza, bwana."

"Nasikia harufu ya nyingine."

Akafungua kabati chini ya sinki la jikoni, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Sikuona sababu ya aibu kubwa. Mtu wa pampu hawezi kuwa na pampu moja, kama vile fundi viatu hana jozi moja. Lakini meza ya Karani ikawa na pampu kumi na mbili kutoka nyumba kumi na moja, na mpaka leo Dereva huitaja hesabu hiyo kwenye kila harusi na kila matanga.

Kuchimba kulichukua siku tisa. Mchanga na kokoto aliangusha Dereva. Wa nambari nne ni mwashi, akajenga kuta. Wa sita, ambaye mke wangu hamwamini, alichanganya zege kuliko vijana wawili. Akina mama walipika githeri, mahindi na maharagwe, uani kwa zamu. Mabomba yote nililaza mimi, na kama unataka kuona kazi ya bomba iliyonyooka kama mstari wa rula, njoo uone. Tulikula sufuria moja, tukatukanana, tukaonyeshana malengelenge. Wa nambari kumi na moja alianza kusimulia hadithi, na ikaonekana ana hadithi nyingi mno. Karani alikaa kibarazani akitukosoa. Alisema shimo limepinda. Lilikuwa limepinda.

Jumanne ya kwanza maji yalikuja asubuhi. Safu nzima ilikuwa uani kwake, wengine na vikombe vya chai mkononi, koki za bomba kwenye mageti zote zimefungwa na kila mtu amemkagulia mwenzake. Tukasikia bomba likikohoa, likakohoa tena, halafu maji yakaanguka ndani ya tangi kwa kishindo. Tulichukua kura kwenye sufuria. Karani alitoka wa pili. Mimi, niliyekuwa wa kwanza kwenye bomba miaka yote, nilitoka wa kumi na mbili, na nyumba yangu ndiyo ya juu kabisa, mwisho wa mpira. Dereva alitaka kupiga magoti amshukuru Mungu. Nilisubiri hadi saa nane mchana. Lakini nilipata, na tangi langu lilijaa mpaka likamwagika, na nilikaa mle uani na watu wakati wote huo nikijisikia vizuri ajabu.

Jumanne ya pili mnunuzi alikuja. Mtu mwenye suti, pamoja na mwenzake mwenye kamba ya kupimia. Wakatukuta watu zaidi ya ishirini uani, mpira umepita katikati, kura zinasomwa.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nyuma," nikamwambia. "Wewe subiri, nitamwita."

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Karani alikuwa amekunja mikono ya blauzi hadi mabegani. Mbele yake kulikuwa na beseni tatu, mapazia yote ya nyumba, mablanketi manne na shuka sijui ngapi. Mfereji ulikuwa wazi, ukimimina. Povu lilikuwa limemfika viwikoni.

"Karani, yule mtu wa kununua amefika. Ana kamba ya kupimia."

Hakugeuka. Alikamua pazia, akalikunja, akalikamua tena.

"Siwezi kutoka sasa," akasema. "Mwambie nina maji."